Kukata ni Tiba, Kitovu ni Urembo

Paukwa. Msijibu pakawa, kwa sababu huko yalikotokea haya kujibu kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali hufungwa saa nne asubuhi ili watumishi wakanywe chai.

Palikuwa na nchi. Jina lake lilipelekwa kwenye kamati ya kuboresha majina, kamati ikaomba muda, na mpaka leo jina halijarudi. Kwa hiyo wenyewe huiita Jamhuri tu, na mgeni akiuliza Jamhuri ya nini, huambiwa aache uchochezi.

Katika Jamhuri hiyo, kwenye mashamba ya chumvi ya kusini, alifanya kazi mwanamke aitwaye Bi Sikudhani binti Ngwali. Alikokota chumvi kwa reki, miguu imezama katika maji makali, tangu ubichi wake mpaka mvi zilipomwota. Hakuwa na ugomvi na mtu. Ugomvi wake ulikuwa na tumbo lake, na hata hapo ni kusema kwa kifupi, maana tumbo lenyewe halikuwapo tena. Lilikwisha zamani. Iliyobaki ni ngozi yake, imeshuka kutoka kiunoni ikafunika kinena na kugusa mapaja, kama kanga iliyosahauliwa kwenye kamba ikanyeshewa. Chini ya ngozi ile, mahali pasipofika upepo, paliota vidonda. Vidonda vilitoa maji, maji yalitoa harufu, na kila alipoinama kuvuta reki maji ya chumvi yalirukia humo. Chumvi ya Jamhuri ilikuwa chumvi bora, ya kuuzwa nje. Iliwasha vizuri sana.

Mtu atauliza ngozi yote ile ilitoka wapi kwa mwanamke anayekula mlo mmoja. Ilitoka Serikalini.

* * *

Wenye kumbukumbu watakumbuka Miaka ya Shibe. Wasio nayo ndio wengi, maana kumbukumbu ilitozwa ushuru. Ilikuwa miaka ambayo mvua iligoma na watu wa kusini wakawa wanachimba mizizi ya ming'oko porini, wanaichemsha mchana kutwa ili sumu itoke. Wageni kutoka nje walisikia fununu, wakaomba kuja kuona njaa. Kiongozi wa wakati huo, aliyejiita Baba wa Shibe, akawajibu waje tu, njaa hawataikuta.

Basi zikajengwa kambi. Kila wilaya ilitoa mtu mmoja wa kunenepeshwa kwa niaba ya wenzake. Wilaya ya chumvi ikamtoa Sikudhani, msichana mwembamba kama ufito, kwa sababu alikuwa na meno mazuri na wageni wangependa kumpiga picha. Akalishwa wali wa nazi, ndizi za samli, nyama, maziwa ya mtindi, usiku uji wa siagi. Siku ya kwanza alilia mezani. Wakamwuliza analilia nini, akasema nyumbani mama yake hajala. Wakamwambia asiwe mbinafsi, anakula kwa niaba ya mama yake pia, na wakamwongeza mnofu.

Aliyekuwa akimpima uzito ni kijana mmoja mtanashati, Magubiko, ambaye kila mshale wa mizani ukisogea alipiga makofi na kusema, "Hongera sana, dada. Taifa linaongezeka." Wageni walipokuja, Sikudhani alikuwa hawezi kupita mlangoni ila kwa ubavu. Walimpiga picha, wakaandika kwamba njaa haipo, wakarudi kwao. Picha yake ikabandikwa kwenye mabango nchi nzima, chini yake maneno: HUYU NI SISI.

Mama yake alikufa mwezi uleule, chini ya bango mojawapo, kwa ming'oko isiyoiva. Kwa kuwa njaa haikuwapo rasmi, ilitangazwa kwamba marehemu amefariki kwa uzembe wa mapishi.

Kisha Baba wa Shibe akaondoka kwa namna ambayo pia haikutokea rasmi, akaja Kiongozi mwembamba, akatangaza Kampeni ya Kufunga Mkanda. Unene ukawa hujuma. Mikanda yenyewe iliuzwa na shemeji yake. Kambi zikafungwa, Sikudhani akarudishwa kwenye chumvi na kuambiwa apungue upesi kwa kuwa mabango yake yanaleta aibu. Akapungua. Nyama ni kitu kitiifu, ukiiambia iondoke bila kuilisha huondoka. Ngozi haikutii. Ngozi ilibaki ikining'inia, na hiyo ilikuwa ndiyo kumbukumbu pekee ya Miaka ya Shibe ambayo Serikali haikuibomoa.

* * *

Jamhuri ilikuwa na Mfuko wa Afya kwa Wote Wanaostahili. Kila mfanyakazi alikatwa mshahara kuuchangia. Kustahili ndiko kulikuwa na taratibu.

Kuhusu matumbo, Mfuko ulikuwa na elimu kubwa. Ulitenganisha kukata na kukaza. Kukata ngozi inayoning'inia kwa sababu inaoza, hiyo ni tiba, Mfuko unalipa. Kukaza misuli ya tumbo, kulinyoosha, na kukisogeza kitovu mahali pake panapopendeza, huo ni urembo, na mwenye kutaka urembo ajilipie. Masharti ya kukatwa hayakuwa magumu. Ngozi ifunike kinena. Vidonda viwepo miezi mitatu mfululizo. Na ithibitike kwamba vimepakwa dawa ya Mfuko, na dawa ikashindwa.

Bi Sikudhani akaenda zahanati kuomba dawa ili ishindwe. Zahanati haikuwa na dawa. Akarudi kwenye dirisha la Mfuko akawaeleza. Karani alimwonea huruma, akamfafanulia kwamba dawa ambayo haipo haiwezi kushindwa, na dawa isiposhindwa maana yake inafanya kazi.

Akakaa nyumbani asiingie kwenye chumvi, akajipaka mafuta ya nazi na kujipepea. Vidonda vikaanza kukauka. Akaenda kuonyesha kwamba anajitahidi. Karani akafurahi naye, akamwambia vidonda vikikauka basi shauri lake limegeuka urembo. Akarudi kwenye chumvi haraka, vidonda vikafunguka. Karani mwingine akamwambia hivyo sasa ni vidonda vya kazini, navyo ni vya Mfuko mwingine, ambao ulivunjwa.

Kwa mwendo huo Bi Sikudhani alijifunza kazi mpya juu ya ile ya chumvi, yaani kuvitunza vidonda vyake visipone wala visizidi. Aliviangalia kama mtu anayeangalia maziwa jikoni.

Mwenzake wa reki, bibi mzee mmoja mcheshi aitwaye Zamoyoni, alimwona asubuhi moja akiinama kwa uangalifu ule, akamwambia, "Shoga yangu, wengine wanafuga kuku."

"Kuku atalipiwa na nani?" akamjibu. Wakacheka, kisha yeye akaacha kucheka kwa sababu kucheka kuliivuta ngozi.

* * *

Hatimaye aliitwa mbele ya Bodi ya Ustahili. Na mwenyekiti wa Bodi, Mkurugenzi wa Ustahili, alikuwa nani kama si Mheshimiwa Magubiko, yuleyule wa mizani, sasa ana miwani ya dhahabu na watu wawili wa kumbebea miwani hiyo anapoivua.

Wajumbe wa Bodi walikuwa na matumbo ya kiserikali, kila mmoja amelilaza lake juu ya meza mbele yake kama faili la dharura. Tumbo la Magubiko peke yake lilikuwa bapa, limekazwa kama ngoma. Alikuwa ametoka ng'ambo. Alikatwa, akakazwa, akanyooshwa, kitovu kikasogezwa na kuchongwa mfano wa nyota, na gharama zote zililipwa katika fungu la ukarabati wa majengo ya umma, kwa hoja kwamba mtu anayehifadhi siri za Serikali ndani yake ni ghala, na ghala ni jengo.

Bi Sikudhani alimtambua mara moja. Magubiko hakumtambua. Alikuwa amezoea kumtazama kwenye mizani, na pale hapakuwa na mizani.

Mheshimiwa Magubiko akafungua kikao kwa hotuba. Alisema Jamhuri haiwezi kujengwa na watu wanaojitazama kwenye kioo. Alisema mwili ni amana, na ngozi ni mpaka wa mwili kama ambavyo nchi ina mipaka, na hajapata kuona nchi inayokata mipaka yake kwa sababu imelegea. Wajumbe walipiga makofi kwa uangalifu, wasiyatikise matumbo. Kisha akamgeukia mlalamikaji.

"Mama, unaumwa au unataka kupendeza?"

"Naumwa, mheshimiwa."

"Ukikatwa hutapendeza?"

Bi Sikudhani akafikiri. Alilelewa kutosema uongo mbele ya wakubwa, kosa ambalo watu wa kusini wanalo mpaka leo. "Labda kidogo," akasema.

"Andika," Magubiko akamwambia katibu. "Amekiri."

Ukazuka mjadala mzito. Mjumbe mmoja alitaka apimwe kiasi cha furaha atakayoipata, ikizidi uchungu basi ni urembo. Mwingine, mtu wa dini, aliuliza kama mume ataona. Akaambiwa mume alikufa. Akasema basi hilo linapunguza. Ndipo bibi mmoja mjumbe, ambaye pua yake ilikuwa karibu na mlalamikaji kuliko pua za wenzake, akaomba suala limalizwe upesi kwa sababu za hewa.

Uamuzi ukasomwa. Bodi imemkubalia Bi Sikudhani binti Ngwali mkato wa tiba, kwa sharti kwamba usilete uzuri wowote. Daktari atakata ngozi yote inayoning'inia pamoja na chochote kilichomo. Hatakaza. Hatanyoosha. Na hatasogeza kitovu, kwa kuwa kusogeza kitovu ni urembo.

Bi Sikudhani alishukuru. Alifika nje kwenye ngazi ndipo akili ilipomrudia, akasimama na kuishika ngozi yake kwa mikono miwili. Kitovu chake kilikuwa ndani ya ngozi ile. Kilishuka nayo, kikawa huko chini karibu na mapaja.

* * *

Hapa lazima lielezwe jambo la vitovu, kwa faida ya wageni.

Zamani Jamhuri iliwatambua watu wake kwa alama za vidole. Mashine zikanunuliwa ng'ambo. Zilipofika mashambani hazikusoma kitu, kwa sababu vidole vya wenye jembe na wenye chumvi vilikuwa vimelika vikawa laini kama kokoto za mtoni. Ikabainika kwamba sehemu kubwa ya taifa haipo. Mashine hazikuweza kurudishwa, kwa maana shemeji alikwisha kulipwa. Kiongozi akawaza, na siku ya kuzaliwa kwake akatoa ufumbuzi. Akasema, wazee wetu walijuaje mtu ni wa wapi? Walisema ni pale kilipozikwa kitovu chake. Basi na tutambuane kwa kitovu. Watu walilia kwa uzalendo. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha kwamba wazee walikizika kile kilichokatika, na kwamba kilichobaki tumboni ni kovu tu. Mashine zikalazwa chali, zikapakwa rangi ya bendera.

Tangu hapo, kila dirisha la Serikali lilikuwa na pazia na kioo. Unafunua nguo, unasukuma tumbo kwenye kioo, mashine inalia mlio mmoja, wewe ni mtu. Usipokuwa na kitovu hutibiwi, husafiri, hushtakiwi, huzikwi. Bi Sikudhani alikuwa akiibeba ngozi yake kwa viganja viwili na kuinyanyua mpaka kwenye kioo, kama anayempelekea mgeni sinia, na mashine ikikubali humsikia karani akivuta pumzi na kusema, "Shusha, mama, shusha."

Daktari aliyepangiwa kumkata, Daktari Mwasiti, alikuwa mtu mwenye haya, jambo lililomchelewesha kupandishwa cheo. Alimweleza kila kitu wazi. Angeweza kukitoa kitovu kikiwa hai, akatoboa tundu dogo juu na kukishona pale kinapotakiwa kuwa. Si kazi kubwa, hata robo saa haifiki. Lakini hiyo robo saa ndiyo urembo, akionekana ameifanya leseni yake itachukuliwa, na Mfuko utakataa kulipia hata kisu.

"Kwa hiyo, mama, nikikukata kama Bodi ilivyosema, utapona," alisema. "Lakini hutakuwa mtu."

"Na nisipokatwa?"

"Utakuwa mtu mpaka vidonda viingie kwenye damu."

Bi Sikudhani aliomba siku ya kufikiri. Alienda kwenye chumvi, akasimama kando ya Zamoyoni, akamweleza. Zamoyoni alivuta reki yake muda mrefu bila utani wowote, na hilo lilimtisha Bi Sikudhani kuliko maneno ya daktari. Mwishowe akasema, "Utakuwa mzuka, shoga. Lakini sijapata kuona mzuka analipa ushuru."

Kicheko hakikuja. Bi Sikudhani alikuwa anatazama ng'ambo ya mashamba, mahali ambapo zamani palisimama bango lenye picha yake na ambapo sasa palisimama bango la mikanda. Akasema polepole, kama anayehesabu punje, "Mama yangu alikuwa mtu wa Serikali mpaka akafa, na hata njaa yake hawakumpa. Mimi nilikuwa mtu wao mkubwa kuliko wote, wakanibandika ukutani. Utu wao nimekwisha kuuonja. Sasa nataka kulala ubavu bila kuoza."

Kesho yake alikatwa.

* * *

Alipona. Hilo lisemwe kwanza, maana Serikali haikulisema. Tumbo lilibaki limelegea, kama sharti lilivyotaka, likiwa na mshono mrefu kutoka nyonga hii mpaka nyonga ile, umejipinda pembeni kidogo kama mdomo wa mtu anayezuia kicheko. Juu ya mshono hapakuwa na kitu. Uwanda mtupu. Usiku alilala ubavu wa kulia, akajigeuza akalala wa kushoto, na asubuhi akagundua kwamba hakuwa amesikia harufu yake mwenyewe.

Mfuko ulifanya ukaguzi. Ukaomba aliyetibiwa ajitambulishe kwenye kioo. Mashine ikanyamaza. Kwa hiyo Mfuko ukaridhika kwamba hakuna aliyetibiwa, ukakataa kulipa, na ukampa Daktari Mwasiti onyo kali kwa kumpasua mtu ambaye hayupo.

Bi Sikudhani akarudi kazini. Kwenye lango la mashamba ya chumvi palikuwa na kioo cha ushuru. Kila jioni mfanyakazi alipita na gunia lake, anasukuma kitovu, mashine inalia, na sehemu ya chumvi inaenda kwa Jamhuri kabla chumvi haijafika kwa mwenyewe. Siku ile yeye akatua gunia, akafunua, akasukuma. Kimya. Akasukuma tena. Karani wa lango akapangusa kioo kwa mkono wa shati, akachungulia, akaona uwanda. Akamwita bosi wake. Bosi akachungulia. Akasoma kanuni kwa sauti: ushuru hutozwa kwa mtu. Mtu hujulikana kwa kitovu. Hapa hakuna kitovu, kwa hiyo hakuna mtu.

"Na gunia?" karani akauliza.

Bosi akafikiri kwa niaba ya Jamhuri nzima. "Gunia limejileta," akasema. "Lipite."

Likapita. Nyuma yake kwenye foleni alikuwepo Zamoyoni, akitazama. Siku ya pili mzee huyo alifika langoni na kufunua tumbo lake. Alikuwa amekijaza kitovu tope laini la chumvi, lile la chini ya maji, akalisawazisha kwa kidole na kuliacha likauke mpaka likashika rangi ya mwili. Uwanda. Mashine kimya. Bosi akauliza ilikuwaje, Zamoyoni akamjibu kwa adabu zote kwamba haiwezekani amjibu, kwa sababu hayupo.

Kabla mwezi haujaandama, hakukuwa na mtu hata mmoja katika mashamba ya chumvi. Reki zilikwenda na kurudi zenyewe. Magunia yalifika langoni yenyewe, yakiwa na vicheko ndani yake, yakapita. Redio ya Jamhuri ikatangaza kwamba chumvi ya kusini imefikia kiwango cha kujitegemea, na Kiongozi akaipelekea salamu za pongezi. Wavuvi wa pwezi walisikia. Wachoma mkaa wakasikia. Tope la chumvi likaanza kusafirishwa bara kwa vikopo, nalo pia lilijisafirisha.

* * *

Ingeendelea hivyo, lakini ulikuwa mwaka wa uchaguzi.

Katika Jamhuri mpiga kura hakuchovya kidole. Alitiwa wino kitovuni, na Kiongozi alichaguliwa kila mara kwa vitovu vyote isipokuwa vichache vya kuonyesha kwamba uchaguzi ulikuwa huru. Sasa msajili wa kura akaleta taarifa kwamba kusini nzima hakuna kitovu. Ukiondoa maofisa, watakaopiga kura ni wawili, na mmoja wao ni mgonjwa. Kiongozi aliuliza watu wamekwenda wapi. Akaambiwa hawajaenda mahali, wanaonekana kila siku, ila hawapo. Akauliza kwa nini wasikamatwe. Akaambiwa polisi hawana pa kuanzia, maana mtuhumiwa huandikishwa kwa kitovu.

Basi Mheshimiwa Magubiko akatumwa kusini na gari jeupe, hema la upasuaji, kwaya, wajumbe wa Bodi, na bango jipya: KITOVU NI HAKI YAKO. Mfuko wa Afya kwa Wote Wanaostahili ulikuwa umekutana kwa dharura na kugundua kwamba kitovu ni tiba. Tena ni tiba ya haraka, ya bure, na ya lazima. Daktari Mwasiti aliletwa pia, onyo lake likiwa limebadilishwa jina kuwa uzoefu.

Watu wakakusanywa uwanjani kwenye jua. Magubiko akahutubia. Alisema mtu bila kitovu ni kama chungu bila mdomo. Alisema kuna maadui wa nje wanaotamani kuiona Jamhuri ikiwa laini tumboni. Alisema Serikali ni mama, na mama hukijua kitovu cha mwanawe. Kisha akaeleza kwamba shughuli itafunguliwa na mtu mmoja wa mfano, aliyeanzisha yote haya kwa kutoelewa, naye atashonewa kitovu kipya mbele ya kamera, na picha yake itabandikwa nchi nzima. Akanyoosha mkono kuelekea kwa Bi Sikudhani.

Bi Sikudhani akatoka kwenye umati, akatembea mpaka mbele ya hema. Alitembea wima. Watu wa chumvi hawakuwa wamemwona wima tangu mabango yale ya kwanza, na baadhi yao walikuwa hawajazaliwa.

Magubiko alimtazama, akakunja uso, kama mtu anayesikia wimbo aliowahi kuucheza. "Mama, tumepata kuonana?"

"Ulikuwa unanipima, mheshimiwa. Ulikuwa unapiga makofi."

Kwaya ilitaka kuanza, kiongozi wake akaona uso wa Magubiko, akaisimamisha.

"Hayo ya zamani," Magubiko akasema. "Leo Taifa limekuletea kitovu. Bure. Ingia ndani, daktari anasubiri."

Bi Sikudhani akamtazama Daktari Mwasiti, ambaye alikuwa amesimama mlangoni mwa hema na glavu mkononi, hajazivaa. Kisha akamgeukia Mkurugenzi wa Ustahili.

"Mheshimiwa, hicho kitovu ni tiba au ni urembo?"

"Ni tiba."

"Na mwenye kupewa tiba lazima awe anaumwa."

"Lazima."

"Miezi mitatu mfululizo. Na dawa ya Mfuko ipakwe kwanza, ishindwe."

Magubiko akavua miwani. Watu wake wawili wakaipokea. Alianza kusema kwamba katika mazingira maalumu Bodi inaweza kulegeza, lakini mmoja wa wajumbe alimnong'oneza kwamba Bodi haijawahi kulegeza, na ikilegeza leo wale wote waliokataliwa watakuja na ngozi zao. Jua likamwakia. Chini ya shati lake la hariri kitovu chake cha nyota kilichoka, kikaanza kutoa jasho.

"Basi tuandike kwamba unaumwa," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini, karibu ya kuomba. "Sema tu unaumwa, mama. Sema unaumwa kwa kukikosa."

Umati ulitulia. Hata magunia yalitulia. Bi Sikudhani, ambaye alilelewa kutosema uongo mbele ya wakubwa, alifikiri kwa dhati, akapeleka kiganja tumboni kwenye ule uwanda, akaugusa huku na huku kama anayetafuta mahali panapouma.

"Hakiniumi kitu, mheshimiwa," akasema. "Siku zote nilizoumwa nilikuwa nacho."

Akajifunika kanga yake, akarudi kwenye chumvi. Daktari Mwasiti akaweka glavu chini. Zamoyoni akajitwika gunia, na umati wote ukageuka na kumfuata Bi Sikudhani, maelfu ya watu wasiokuwepo, wakamwacha Mkurugenzi wa Ustahili uwanjani na kitovu chake, mtu pekee aliyebaki wilaya nzima wa kutozwa ushuru.

Paukwa. Sasa jibuni. Kibali hakijatoka.